Seli inayokufa kimya na seli inayokufa kwa kelele: kazi ya Vishva Dixit

Mtoto ana homa tangu siku tatu. Nyumbani wamempa dawa ya kushusha homa, wakazani itapita. Usiku wa nne mikono na miguu inakuwa baridi, anapumua mbio mbio, hamtambui tena mama yake. Hospitalini wanamtundikia serumu na kumchoma dawa ya kuua mikrobe. Dawa inafanya kazi yake, mikrobe zinapungua, lakini mtoto anaendelea kuzama: presha inashuka, figo zinasimama, mapafu yanajaa maji.

Wakaaji wa Ituri, Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini, Maniema na Tanganyika wanajua habari ya namna hii, na wengi wanaieleza kwa maneno mafupi: «damu imechafuka». Waganga wanaiita sepsisi. Hesabu iliyotolewa mwaka 2020 ilikadiria kwamba katika mwaka 2017 peke yake dunia ilikuwa na visa milioni 48,9 vya sepsisi na vifo milioni 11 vinavyohusiana nayo. Afrika kusini ya Sahara ni moja ya sehemu zinazobeba mzigo mkubwa zaidi.

Sasa swali ni hili: kama mikrobe imekwisha kuuawa, ni nini tena kinachomuua mgonjwa? Sehemu kubwa ya jibu inashangaza: ni mwili wenyewe. Ni ile nguvu ya kujilinda iliyopita kipimo. Kati ya watu waliosaidia kuelewa namna nguvu hiyo inavyowashwa ndani ya seli, mmoja ni munganga aliyekulia Kericho, inchini Kenya, na kusomea Nairobi. Jina lake ni Vishva Dixit.

Kutoka Kericho mpaka California

Dixit ni wa jamaa yenye asili ya India. Baba na mama yake walikuwa waganga. Kericho ni muji wa mashamba ya chai, magharibi mwa Kenya. Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akamaliza mwaka 1980, kisha akafanya kazi ya mazoezi katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Baadaye alienda Marekani, kwanza katika Chuo Kikuu cha Washington, muji wa St. Louis. Mwaka 1986 aliingia Chuo Kikuu cha Michigan, na huko akaanzisha labo yake. Mwaka 1997 alihamia Genentech, kampuni ya dawa iliyo South San Francisco, jimbo la California.

Kazi yake inaitwa biolojia ya molekuli. Yaani hatazami mgonjwa mzima, wala moyo ao ini peke yake; anatazama vipande vidogo kabisa vilivyo ndani ya seli, hasa protini, na kuuliza: hii inazungumza na ipi? Nani anatoa amri, nani anaipokea, nani anaitekeleza? Kwa miaka mingi swali lake limekuwa moja: seli inaamua namna gani kwamba sasa inakufa?

Kufa ni kazi, si ajali tu

Watu wengi wanazani seli inakufa pale tu inapoumizwa, kama vile mtu anapokatwa na panga ao kuunguzwa na maji ya moto. Hiyo iko, lakini si yote. Kila siku mabilioni ya seli za mwili wa mtu mzima zinakufa kwa mpango, na mpya zinachukua nafasi. Vidole vya mtoto tumboni vinaachana kwa sababu seli zilizokuwa katikati yao zimekufa. Seli iliyoharibika, ambayo ingeweza kugeuka kansa, mara nyingi inajiua kabla haijaleta hatari.

Mwaka 1972 watafiti watatu, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, walikipa kifo hicho cha mpango jina apoptosi, neno la Kigiriki linalofananisha jambo hilo na majani yanayodondoka mtini. Seli inajikunja, inajikata vipande vidogo vilivyofungwa vizuri, na seli za jirani zinavimeza. Hakuna kelele, hakuna usaha, hakuna maumivu.

Ushahidi kwamba kifo hicho kimeandikwa ndani ya jeni ulitoka kwa mnyoo mdogo wa udongoni, mwenye urefu wa karibu milimita moja. Katika kukua kwake, mnyoo huyo anatengeneza seli 1.090 za mwili, na katika hizo 131 zinakufa kila mara, zile zile, kwa wakati ule ule. Robert Horvitz na wenzake walipata jeni zinazoongoza kifo hicho. Kazi ya mnyoo huyo ilimletea Horvitz, pamoja na Sydney Brenner na John Sulston, Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Moja ya jeni hizo, inayoitwa ced-3, inafanana na jeni ambazo binadamu pia anazo. Zinatengeneza protini zinazokata protini nyingine kama mkasi. Mikasi hiyo inaitwa kaspase.

Barua imefika mlangoni, nani anaipeleka ndani?

Katika miaka ya 1990 ilijulikana tayari kwamba kwenye ukuta wa seli kuna vipokezi vya kifo, kimoja kikiitwa Fas. Kipokezi kikishikwa kwa nje, seli inakufa. Ilijulikana pia kwamba ndani ya seli kuna mikasi. Lakini katikati palikuwa giza. Ni kama mlinzi amepokea barua kwenye lango: barua iko kwa nje, mwenye kuitekeleza yuko ndani ya nyumba, na hakuna anayejua nani anaibeba.

Mwaka 1995 labo ya Dixit huko Michigan, pamoja na mwanafunzi wake Arul Chinnaiyan, ilitambua mbebaji huyo: protini iliyopewa jina FADD. Upande mmoja inashika kipokezi cha Fas, upande mwingine inaita mkasi. Mwaka uliofuata, 1996, labo hiyo ilitambua mkasi wenyewe unaoitwa, ambao leo unajulikana kama kaspase-8. Labo ya David Wallach huko Israeli ilifikia protini hizo hizo mbili karibu wakati ule ule, na hilo liliongeza uhakika: watu wawili waliochimba kutoka pande mbili walikutana mahali pamoja.

Mkasi mwingine, kaspase-3, ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kukata mwishoni. Labo ya Dixit iliuita Yama, jina la mungu wa mauti katika dini ya Wahindu. Jina hilo halikudumu, lakini nyororo ilikuwa imeonekana wazi: amri kwa nje, kipokezi, FADD, kaspase-8, kaspase-3, kifo. Kila kipingili cha nyororo hiyo ni mahali ambapo dawa inaweza siku moja kuingia, ili kukaza ao kulegeza.

Kifo cha kelele

Apoptosi ni kifo cha kimya. Lakini kuna kifo kingine. Wakaaji wa Goma ao Bukavu wanajua namna mtaa unavyoamka usiku wezi wanapoingia: mtu wa kwanza anapiga sufuria, jirani anapuliza filimbi, na kwa dakika chache avenyu nzima iko nje. Mwizi anakimbia. Mwili nao una seli za ulinzi zinazofanya hivyo. Seli ya ulinzi iliyovamiwa na mikrobe inaweza kujipasua kwa makusudi na kumwaga nje kila kitu kilicho ndani yake, pamoja na protini za kengele, mojawapo ikiwa interlukini-1. Hiyo inaitwa piroptosi. Seli za jirani zinasikia, mishipa inapanuka, joto linapanda, seli nyingine za ulinzi zinakuja mbio. Ndio ule uvimbe wenye joto, wekundu na maumivu ambao kila mtu ameuona pembeni ya kidonda.

Kwenye kidonda kidogo, uvimbe huo unaponya. Lakini kama kengele imelia mwili mzima kwa mara moja, ni kama muji wote umetoka nje gizani na mawe mkononi: hakuna anayejua mwizi ni nani, na majirani wanaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Mishipa inavuja, damu inaganda mahali pasipofaa, presha inaanguka. Hiyo ndiyo sepsisi inapofikia hatua mbaya.

Mikrobe nyingi zinazoleta hali hiyo, kama vile ile ya tifoidi ao ile ya tauni inayojulikana Ituri, zina ngozi ya nje yenye mafuta yaliyounganishwa na sukari. Mafuta hayo yanafupishwa LPS. Mikrobe ya kipindupindu pia inayo, lakini kipindupindu kwa kawaida hakiui kwa njia hii. Kinaua kwa kumaliza maji ya mwili, ndiyo maana maji ya chumvi na sukari yanaokoa. Kwa mikrobe zinazoingia damuni, LPS ndiyo harufu ya mwizi. Hata LPS peke yake, bila mikrobe hai, ikichomwa kwa wingi kwa panya inamuua.

Mwaka 1998 kundi la Bruce Beutler lilionyesha kwamba kipokezi kinachoitwa TLR4, kilicho kwenye ukuta wa seli, ndicho kinachonusa LPS kwa nje. Beutler alipata Nobel mwaka 2011. Wengi wakazani habari imekwisha: zuia TLR4, na sepsisi itapungua. Dawa ilitengenezwa, ikajaribiwa kwa wagonjwa karibu 2.000. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013: dawa haikupunguza vifo.

Panya waliodanganya labo

Moja ya mambo yaliyokuwa yamefichika lilijitokeza katika labo ya Dixit, kwa mkono wa mtafiti mwenzake Nobuhiko Kayagaki. Kwa miaka mingi, labo nyingi zilitumia panya walioondolewa jeni ya kaspase-1. Panya hao walivumilia LPS iliyoua panya wengine. Kwa hiyo iliandikwa kila mahali kwamba kaspase-1 ndiyo inayoua.

Kayagaki aligundua kasoro. Panya hao walikuwa wametengenezwa kutoka ukoo wa panya unaoitwa 129. Kumbe ukoo huo, kwa asili yake, una jeni mbovu ya kaspase-11, mkasi mwingine ulio jirani kabisa na kaspase-1 kwenye kromosomu. Jeni hizo mbili zimekaribiana hata haziachani katika kuzaa. Yaani panya waliosemekana kukosa kitu kimoja walikuwa wanakosa vitu viwili. Walipotenganishwa vizuri, jibu lilibadilika: aliyekuwa anaua panya baada ya LPS ni kaspase-11. Habari hiyo ilitoka mwaka 2011, ikalazimisha watafiti wengi kusoma upya matokeo yao wenyewe.

Mwaka 2013 kikaja kipande cha pili. Kaspase-11 inawashwa na LPS iliyofika ndani ya seli, bila kupitia TLR4. Kuna mlinzi langoni, lakini kuna mwingine sebuleni. Kumfunga macho wa langoni tu hakutoshi kuzima kengele. Mwaka 2014 labo ya Feng Shao, Beijing, ilionyesha kwamba mkasi huo unashika LPS wenyewe moja kwa moja. Binadamu hana kaspase-11. Anazo kaspase-4 na kaspase-5 zinazofanya kazi hiyo hiyo.

Tundu, kisha mpasuko

Lakini mkasi unakata nini hata seli ipasuke? Ili kupata jibu, watafiti walitumia njia ya uvumilivu: kubadilisha jeni za panya bila kuchagua, moja hapa moja pale, kisha kupima seli zao panya kwa panya, mpaka wapatikane wale ambao seli zao hazipasuki. Mwaka 2015 njia hiyo iliwafikisha kwenye protini inayoitwa gasdemini D. Kundi la Shao lilifika pale pale kwa njia nyingine, na kazi zote mbili zilitangazwa pamoja. Gasdemini D ikikatwa, kipande chake kimoja kinakimbilia utando wa seli na kutoboa matundu. Panya wasio nayo wanavumilia LPS inayoua wengine.

Kisha watu wakaridhika: matundu yametobolewa, maji yanaingia, seli inavimba na kupasuka yenyewe kama mfuko uliojaa kupita kiasi. Ilionekana ni jambo la fizikia tu, halihitaji amri. Mwaka 2021 kundi la Dixit na Kayagaki lilionyesha kwamba sivyo. Kuna protini nyingine, NINJ1, inayopasua utando. Seli isiyo na NINJ1 inatobolewa, inakufa, inavimba kama puto, lakini haipasuki. Hata hatua ya mwisho kabisa ya kifo, ile iliyoonekana kama ajali, ilikuwa na mwenye kuitekeleza.

Jambo hilo lina uzito kwa mgonjwa. Kinachowaumiza majirani si kifo chenyewe cha seli, ni yale yanayomwagika inapopasuka. Mwaka 2023 kundi hilo lilitangaza kwamba limetengeneza protini ya kinga inayoshika NINJ1 na kuizuia, na kwamba panya waliopewa waliumia ini kidogo kuliko wengine. Hata hivyo, kuna upande wa pili. Panya wanaozaliwa bila NINJ1 wanashindwa haraka zaidi na mikrobe fulani ya matumbo. Kengele inaua, lakini bila kengele mwizi anaingia. Dawa nzuri itakuwa ile inayopunguza sauti bila kuizima.

Faida yake iko wapi?

Mpaka sasa hakuna dawa ya gasdemini D ao NINJ1 katika famasi, wala Bunia wala Paris. Panya si mtu, na dawa nyingi zilizoponya panya wenye sepsisi zilishindwa kwa binadamu. Hilo linapaswa kusemwa wazi, juu kuna watu wanaouza matumaini kwa bei.

Lakini elimu hii si ndoto tu. Kuhusu kifo cha kimya, dawa inayoitwa venetoclax, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2016, inarudishia seli za kansa fulani ya damu uwezo wa kujiua. Kuhusu kifo cha kelele, mfano uko karibu zaidi. Katika mwaka 2020, wakati wa Covid-19, jaribio kubwa la Uingereza lilionyesha kwamba dexamethasone, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja kati ya wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumua. Dawa hiyo haiui virusi hata kimoja. Inatuliza kengele. Na jaribio lile lile halikuonyesha faida kwa wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni. Ndiyo maana dawa ya namna hii hainunuliwi dukani kwa kukisia: kuzima ulinzi kwa mtu ambaye mikrobe ndiyo kwanza inaanza ni kumfungulia mwizi mlango.

Kwa wakati huu, jambo ni saa

Yale yaliyoonekana labo yanaeleza pia kwa nini waganga wanasisitiza haraka. Dawa ya mikrobe ikianza mapema, LPS ni kidogo, kengele zilizolia ni chache, na mwili unaweza kurudi nyuma. Ikichelewa, mikrobe inakufa wakati nyororo imekwisha kukimbia mpaka mwisho. Ndiyo ile habari ya mtoto wa usiku wa nne.

Dalili za kutosubiri asubuhi ni hizi: homa kali ao mwili kuwa baridi isivyo kawaida, kupumua mbio, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa ao kusinzia bila kuamshika, mkojo kupungua sana, ngozi kuwa na madoa ao rangi ya majivu. Kwa mtoto mchanga, kukataa kunyonya na kulegea kunatosha. Kwa mama aliyetoka kuzaa, homa yenye kutetemeka na maumivu ya tumbo ao uchafu wenye harufu mbaya ni sababu ya kwenda kituo cha afya saa ile ile, hata usiku, hata kama jana alikuwa mzima.

Kifo cha namna hii kinapokuja ghafla, baada ya dawa kuchomwa, katika mitaa mingi watu wanaanza kutafuta nani aliyeroga ao nani aliyechoma sumu. Kazi ya yule munganga wa Kericho na wenzake inatoa jibu lingine, lenye majina na hatua zinazoweza kupimwa: LPS imeingia ndani ya seli, mkasi umekata, tundu limetobolewa, utando umepasuka, kengele imelia mwili mzima. Hakuna jirani katika nyororo hiyo. Kuna saa tu, na saa hizo zinaanza kuhesabiwa nyumbani.